Tanga, Bawa na Mlingoti: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelezo ya Vifaa vya Mchezo wa Majini

Kufasiri maelezo ya vifaa vya michezo kumehesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ndogo, ambayo hupewa yeyote ajuaye Kiingereza kidogo na Kiswahili cha kutosha. Istilahi za sheria, za kilimo na za utawala zimepata vikao na wataalamu. Istilahi za michezo zimeachiwa watangazaji wa redio, nao, kwa upande wa kandanda, wamefanya kazi ambayo hatuna budi kuisifu. Lakini mchezo wa majini una hatari ambazo uwanja wa mpira hauna, na maelezo yake hayana budi kupimwa kwa kipimo kingine. Hiyo ndiyo sababu ya kuupitia hapa mswada mmoja wa kurasa chache, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, unaomweleza mwanafunzi namna ya kuchagua vifaa vyake vya kwanza vya mchezo uitwao wingifoili. Jina la mfasiri silitaji. Makosa yake si yake peke yake. Ni makosa ambayo wengi wetu tungeyafanya tukiwa na kamusi mkononi na bila ya kukiona chombo chenyewe.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, maelezo mafupi yatafaa. Mchezaji husimama juu ya ubao majini. Mikononi ameshika kitambaa chenye umbo la mabawa ya ndege, ambacho kingo yake ya mbele ni bomba lililojazwa upepo kwa pampu. Hicho ndicho kinachonasa upepo na kumvuta. Chini ya ubao kumefungwa nguzo inayoshuka majini, na mwishoni mwa nguzo hiyo kuna mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Ubao ukishika mwendo, mabawa hayo ya chini huinuliwa na maji kama vile bawa la ndege linavyoinuliwa na hewa, na ubao wote hutoka majini ukawa juu hewani. Wazo la bawa la majini si geni: Mwitaliano Enrico Forlanini alijaribu chombo cha namna hiyo katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell kilikwenda kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Lililo geni ni kulishika tanga mikononi, jambo lililoenea kuanzia mwaka 2019 hivi, matanga ya kujazwa upepo yalipoanza kuuzwa madukani. Katika Michezo ya Olimpiki ya 2024, ambayo mashindano yake ya matanga yalifanyika Marseille, mbao zenye mabawa ya majini zilishindaniwa kwa mara ya kwanza. Kwetu, mchezo huu hufundishwa katika fukwe zilizokwisha kuzoea michezo ya tiara na upepo: Paje na Jambiani huko Unguja, Diani na Watamu huko Kenya.

Mimi, hata hivyo, sikuusoma mswada huu kwa macho ya mtu wa Paje. Niliusoma nikimfikiria mwalimu wa shule au kijana wa Bugwema, Musoma Vijijini. Bonde la Bugwema linatajwa zaidi kwa kilimo cha umwagiliaji kuliko kwa michezo, lakini haliko mbali na Ziwa Victoria, na watu wa huko wanazijua lita, pampu, mtumbwi, tanga na upepo. Tafsiri ambayo mtu wa namna hiyo hawezi kuifuata haistahili kuitwa tafsiri ya Kiswahili cha taifa, hata kama inaeleweka kwa mwalimu wa kuogelea aliye hotelini ambaye tayari anakijua Kiingereza.

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni neno bawa. Mfasiri amelitumia kwa tanga linaloshikwa mkononi, kwa bawa la mbele lililo chini ya maji, na kwa kile kibawa cha nyuma. Vitu vitatu, neno moja. Twamwona akiandika, katika ukurasa mmoja, kwamba mwanafunzi "achague bawa kubwa, kwani bawa kubwa huinua mapema", na baadaye kidogo kwamba "upepo ukiwa mkali achukue bawa dogo". Msomaji atauliza kwa haki: lipi? Sentensi ya kwanza inahusu bawa la chini ya maji, ambalo kwa mwanafunzi mzima huwa kati ya sentimita za mraba 1,500 na 2,000. Sentensi ya pili inahusu tanga la mkononi, ambalo kwa mtu wa kilo 70 au 80 huwa mita za mraba 5 au 6. Atakayeziunganisha sentensi hizo mbili atafungua bawa lake la majini siku ya upepo mkali na kufunga dogo zaidi, ilhali tanga kubwa limebaki mikononi. Ubao hautainuka kwa urahisi, na tanga litamshinda. Kiingereza chenyewe kina kasoro hii, kwa kuwa nacho hutumia neno moja kwa vitu hivyo vyote. Lakini Mwingereza anasaidiwa na mazoea ya dukani. Sisi ndio kwanza tunaanza, na si lazima turithi kasoro ya jirani pamoja na mali yake.

Pendekezo langu ni kwamba kile kinachoshikwa mkononi kiitwe tanga, au tanga la mkono pale panapohitajika kutofautisha, na neno bawa liachiwe vile vilivyo chini ya maji: bawa la mbele na kibawa cha nyuma. Najua litakalosemwa. Watasema tanga ni lazima liwe na mlingoti na foromali, na kwamba kisichofungwa chomboni si tanga. Hoja hii ina uzito kwa fundi wa jahazi, lakini tukiuangalia usemi wa watu tutaona kwamba tanga hutambulika kwa kazi yake. Mvuvi anayekosa kitambaa husimamisha turubai au magunia yaliyoshonwa pamoja, akashika fito mbili, na bado husema ametweka tanga. Wala tanga si neno la kuletwa ziwani leo. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Songoro, mtu wa mlima huohuo wa biashara ya pwani, alijenga jahazi Ukerewe, mwendo mfupi wa maji kutoka nchi ya Wajita. Na hadi leo mitumbwi ya uvuvi ya Ziwa Victoria hutumia matanga ya pembetatu ambayo asili yake ni huko huko pwani. (Kuna atakayekumbusha kwamba matanga ni pia kikao cha msiba. Ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kupanda chombo akidhani anakwenda kuhani.)

Neno la pili ni mlingoti. Kiingereza huiita ile nguzo ya chini kwa jina lilelile la mlingoti wa meli, na mfasiri amefuata. Hapa siwezi kumtetea. Mlingoti, kwa kila Mswahili aliyewahi kuona chombo, husimama juu. Mswada unasema kwamba "mlingoti wa sentimita 75 unamfaa mwanafunzi", na kwamba "mlingoti mfupi hupunguza urefu wa kuanguka". Msomaji wa Bugwema atatazama juu ya ubao, hataona kitu, na atadhani kifaa kimepungukiwa. Mbaya zaidi, hataambiwa na neno hilo kwamba chini yake kuna zaidi ya nusu mita ya chuma na mabawa yenye kingo kali. Ataingia kwenye maji ya magotini, kama aingiavyo na mtumbwi, na bawa litagonga jiwe kabla hajapanda. Ukanda wa Majita na Musoma, kwa yeyote aliyeupita, una mawe mengi kandokando ya ziwa. Nguzo ya sentimita 75 inahitaji maji ya kufika kifuani, si pungufu. Jina lake basi na liwe mguu: mguu wa ubao, mguu mfupi, mguu mrefu. Mguu huelekea chini. Neno lenyewe linamwonya mtu. Kile kiungo cha mlalo kinachoshikanisha bawa la mbele na kibawa cha nyuma, ambacho mfasiri amekiita "kiwiliwili cha ndege", chaweza kuitwa uti, kwa kuufuata uti wa mgongo.

Nakuja sasa kwenye sifa za ubao. Mswada unamshauri mwanafunzi kununua "ubao imara". Neno la Kiingereza lililokuwa mbele ya mfasiri lina maana ya kutoyumba, na kamusi kwa kweli huweka imara miongoni mwa fasili zake. Lakini mtu akisema kiti ni imara anataka kusema hakivunjiki. Ubao usiovunjika waweza kuwa mwembamba na kuyumba kama gogo majini, na ubao mpana wa kujazwa upepo, usioyumba hata kidogo, hauna uimara wa kutajika mbele ya mwiba. Anayeanza anahitaji kutulia juu ya maji. Basi iandikwe: ubao mpana, usioyumba. Wavuvi na wapanda ngalawa wanaijua tofauti hii vizuri. Ile miti iliyofungwa ubavuni mwa ngalawa haiongezi uimara wa gogo, bali huizuia isipinduke.

Kisha kuna "tanga linalosamehe". Niliposoma maneno haya nilirudi nyuma nikadhani nimeruka mstari. Kiingereza husema kwamba kifaa husamehe kinapovumilia makosa ya mtumiaji. Kiswahili hakisemi hivyo, na hakuna sababu ya kukilazimisha. Mwenye kusamehe kwetu ni mtu au Mwenyezi Mungu. Yatosha kusema: tanga lisilomwadhibu mwanafunzi kwa kila kosa, au, kwa lugha kavu zaidi ambayo mimi naipendelea, tanga ambalo hata likishikwa vibaya haliponyoki wala halipinduki upesi.

Suala la ujazo linastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndipo fedha ya mnunuzi inapopotea. Mswada unaandika: "Ujazo uzidi uzito wako kwa arobaini." Arobaini nini? Kanuni inayokusudiwa ni kwamba mtu achukue uzito wake kwa kilo, aongeze 30 au 40, na jumla hiyo iwe lita za ubao. Mtu wa kilo 70 atafute ubao wa lita 100 hadi 110. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja, na chombo hubebwa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Lakini mfasiri, kwa kuwa hakuieleza sababu, ameacha namba inayoelea hewani. Ujazo, kwa msomaji wa kawaida, ni kile kinachoingia ndani ya kitu: ujazo wa pipa, ujazo wa tangi. Ataelewa kwamba ubao unajazwa lita 110 za maji, au za mafuta, Mungu apishe mbali. Ningeandika hivi: "Ubao wa lita 110 huelea kama madumu matano na nusu ya lita 20, matupu na yaliyofungwa vizuri, yakiunganishwa pamoja." Hakuna kijana wa ziwani asiyejua dumu moja tupu linaweza kubeba nini, kwa maana nyavu zake zimeelea kwa madumu hayo tangu hajazaliwa.

Hapo hapo kuna jambo ambalo mfasiri hakulaumiwa kulijua, lakini mhariri wa istilahi na maelezo ya kitaifa anapaswa kulijua. Namba za mswada huu ziliandikwa kwa ajili ya bahari. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia mbili na nusu. Ubao wa lita 110 hubeba karibu kilo 113 Jambiani, na kilo 110 Musoma, kabla ya kuutoa uzito wa ubao wenyewe na bawa lake. Tofauti hiyo ni ndogo. Ya hewa si ndogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja ya nane kuliko ya pwani katika joto lilelile. Upepo wa mwendo uleule, basi, husukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Anayeshauriwa pwani kununua tanga la mita za mraba 5 atahitaji ziwani tanga la karibu mita 5.7 ili avutwe sawasawa. Je, mfasiri ana ruhusa ya kuongeza maelezo kama haya? Katika hati ya sheria, hapana. Katika kitabu cha mafunzo, naona si ruhusa tu bali ni wajibu, mradi aweke maelezo hayo chini ya ukurasa na kuyatia alama kuwa ni ya mfasiri.

Upepo umefasiriwa vibaya mara mbili. Kwanza, kwa kipimo. Mswada unataka "upepo wa noti 12 hadi 20". Noti ni neno la mabaharia na lina haki yake, lakini mwalimu wa Bugwema akiliona atafikiria fedha, na hata akilijua hana mahali pa kulilinganisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapowatahadharisha watumiaji wa bahari na maziwa, hutaja kilomita kwa saa. Kitabu kiseme lugha ya redio: kilomita 22 hadi 37 kwa saa, na mwanafunzi wa siku za kwanza asivuke 28.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya kurudisha mswada kimya kimya, kuna onyo la kutotoka majini wakati upepo unapovuma kutoka nchi kavu kwenda kwenye maji mapana. Upepo huo humchukua mwanafunzi mbali na watu, naye hana ujuzi wa kurudi kwa kupiga bisha. Mfasiri ameandika: "Usitoke wakati wa upepo wa pwani." Upepo wa pwani ni upi? Wengi watasema ni ule unaotoka baharini na kuipiga pwani, yaani ule hasa ambao ni salama zaidi kwa mwanafunzi kwa kuwa utamrudisha. Onyo limegeuka kuwa kinyume chake. Kwa msomaji wa Mara, neno pwani halimwambii lolote kabisa, isipokuwa Dar es Salaam na Tanga. Kila mvuvi wa Ziwa Victoria anafahamu kwamba usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuingia ziwani, nao ndio huwapeleka kwenye maji ya uvuvi. Mchana, nchi ikishapata joto, upepo hugeuka ukatoka ziwani na kuwarudisha. Maisha yao yamepangwa juu ya pepo hizo mbili. Mwanafunzi akiamka alfajiri kwa kuamini kwamba ule ni upepo mzuri, tanga lake litampeleka kule kule waendako wavuvi, ila yeye hana kafi wala chakula wala mwenzi. Neno umande, ambalo pwani ya zamani lilikuwa jina la upepo huo wa nchi kavu, limebaki kwa wengi kuwa jina la maji ya asubuhi majanini, na sioni kama laweza kufufuliwa kwa maana ile. Na iandikwe kwa urefu, bila haya: upepo wa kutoka nchi kavu, upepo wa kuelekea nchi kavu. Istilahi ya maneno matano inayoeleweka ni bora kuliko ya neno moja inayozamisha.

Kadhalika fulana. Wachezaji wa mchezo huu huvaa fulana nene inayokinga mbavu dhidi ya kugonga ubao au bawa. Huelea kidogo, lakini aghalabu haikutengenezwa wala kuthibitishwa kumweka uso juu mtu aliyezimia. Mswada umeiita "jaketi la kuokoa maisha". Katika nchi iliyopoteza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, maneno hayo yana uzito, na hayawezi kuazimwa kwa kifaa kisichofanya kazi hiyo. Fulana ya kinga ni fulana ya kinga. Jaketi okozi ni jambo jingine, na mwanafunzi wa ziwani anahitaji hilo la pili.

Yapo mengine madogo. Kamba inayomfunga mchezaji na tanga lake imeelezwa kuwa hufungwa "kwenye kiwiko", ilhali kwa wasomaji wengi kiwiko ni pale mkono unapokunjika. Mahali panapokusudiwa ni kifundo cha mkono. Kuiita "kamba ya mbwa", kama ilivyo ukurasa wa tatu, ni kufasiri kamusi badala ya kufasiri kifaa. Kamba ya tanga na kamba ya ubao zinatosha. "Wachanga" kwa wanaoanza kujifunza litamfanya mzazi adhani vifaa ni vya watoto. Kofia ngumu ni sawa. Kitenzi kuinuka, kwa tendo la ubao kutoka majini, kimechaguliwa vizuri sana, na ningependa kionekane katika orodha yoyote itakayotolewa. Vivyo hivyo kupwaya, kwa tanga lililoachwa lisishike upepo. Jina la mchezo wenyewe silioni kuwa la haraka. Wingifoili litaendelea kusemwa ufukweni hata tukilikataa, na kwa maandishi mchezo wa tanga na bawa linaeleweka bila maelezo.

Mfasiri ameacha kabisa, kwa kuwa asili yake haikutaja, mambo ya ziwani: gugumaji lililoenea Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo hulinasa bawa na mguu kama linavyonasa pangaboi, nyavu zilizotegwa karibu na ufuko, mamba na viboko, na kichocho katika maji yaliyotulia yenye majani, ambacho mwanafunzi wa Paje hana haja ya kukiogopa baharini. Haya yawekwe katika ukurasa mmoja mwanzoni, kabla ya bei na vipimo.

Mswada urudishwe kwa mfasiri huyohuyo, kwa sababu Kiswahili chake ni kizuri pale anapokielewa anachokieleza. Ila ukaguzi wa pili usifanywe mezani. Usomwe kwa sauti mbele ya mwalimu wa mchezo huu kutoka Unguja na mvuvi wa Majita, vifaa vikiwa vimetandazwa chini, na kila sentensi ambayo mmoja wao ataiuliza mara mbili iandikwe upya papo hapo.